Bagamoyo: Mji Ulioondokewa na Bandari Ukabakiwa na Watu

Miji ya pwani aghalabu hupimwa kwa bandari zake. Bandari ikistawi mji husifiwa, na bandari ikihama watu husema kwamba mji umekufa, jina lake likaachiwa wanavyuoni na wapenda magofu. Kwa kipimo hicho Bagamoyo ingalikwisha kuzikwa zamani, maana ni vigumu kutaja mji mwingine katika mwambao wa Tanzania Bara uliopewa neema ya bandari na kunyang'anywa mara nyingi kama huu. Kaole, mji uliotangulia, ulizibwa mlango wake wa bahari na mchanga na mikoko. Makao makuu ya serikali ya Wajerumani yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Mizigo ya misafara ya bara ikachukuliwa na reli. Na hata bandari mpya ya Mbegani, iliyotangazwa kwa shangwe mwaka 2013, ilisimamishwa mwaka 2019 kabla ya meli hata moja kutia nanga. Walakini mtu aingiaye Bagamoyo leo, siku yoyote ya kawaida isiyo sikukuu wala tamasha, atakuta mji unaouza na kununua, unaosoma na kuswali, unaocheza na kuimba. Naye akiwa mwenye insafu atajiuliza ni kitu gani kinachoushikilia mji huu, ikiwa bandari zake zote zimeondoka. Jibu la swali hilo hupatikana kwa kutembea mjini humo kutwa nzima, kuanzia asubuhi mashua zinaporudi hata usiku ngoma zinapolia.

Kuutembea mji kwa siku moja ni elimu yenye adabu zake, na mataifa mengine wameikuza hata ikawa sehemu ya maisha yao. Huko Hispania watu hufunga safari za gari kutoka mji hadi mji, wakaingia Granada au Cordoba asubuhi, wakapita sokoni kabla ya jua kali, wakatazama majengo ya kale adhuhuri, na usiku wakakaa penye gitaa na nyimbo; na fahari kubwa ya Cordoba ni msikiti ulioanza kujengwa na Waislamu katika karne ya 8, ambao leo ni kanisa kuu, na ambao nguzo zake zingali zimesimama kwa mamia. Nasi tunao mlangoni petu mji wenye misikiti ya kale na makanisa, ngome na forodha, soko na ngoma, uliokusanya Waafrika, Waarabu, Wahindi na Wazungu katika mitaa michache iliyopakana. Ila wengi wetu tumeupita kwa gari tukielekea Msata, au tumeusoma darasani kwa ajili ya mtihani, tukausahau mara karatasi zilipokusanywa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kiasi cha kilomita 70 kwa barabara ya lami ielekeayo kaskazini sambamba na bahari. Mwenye gari lake huondoka nalo, na asiye nalo hupanda daladala katika kituo cha Makumbusho. Wote wawili wana wajibu mmoja, nao ni kutoka mapema, kabla foleni ya Mwenge na Tegeta haijakaza. Baada ya Bunju huvukwa Mto Mpiji, na hapo msafiri huuacha mkoa wa Dar es Salaam akaingia mkoa wa Pwani. Kuta za nyumba mpya hupungua kidogo kidogo, minazi, mikorosho na miembe huzidi, na vijiji vya Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo hupita kimoja baada ya kingine, kila kimoja na meza zake za matunda kando ya njia na vijana wake wa bodaboda waliokaa kivulini wakingoja abiria. Hii ni nchi ya Wazaramo na Wakwere, na mbele kidogo ya Wadoe na Wazigua. Na ukanda wa ufukweni ni wa Washomvi, ambao madiwani wao walikuwa na mamlaka ya mji wa Bagamoyo kabla ya mkono wa Sultani wa Unguja kufika.

Msafiri asianze na magofu. Na aelekee moja kwa moja ufukweni, karibu na jengo la zamani la forodha, mahali soko la samaki linapokutana na bahari. Asubuhi ngalawa na mashua hurejea, nyingine kwa tanga na nyingine kwa mashine, zikasimama mbali kidogo na nchi kavu, kwa kuwa pwani ya hapa ni ya kina kifupi, na maji yakipwa huacha mchanga mtupu eneo pana sana. Wachukuzi huingia majini hata kiunoni, wakarudi na matenga na ndoo vichwani, maji ya samaki yakiwachuruzika mabegani. Jambo hili ni la kutazamwa vema, maana kina hiki kifupi ndicho kilichoandika sehemu kubwa ya historia ya mji: kiliyafaa majahazi, ambayo huweza kukaa juu ya mchanga bila dhara maji yakitoka, na kikazikataa meli kubwa za chuma, zilizolazimika kutia nanga mbali na kupakuliwa kwa vyombo vidogo. Mgeni akisimama hapo wakati wa maji kupwa, akatazama umbali kati ya miguu yake na bahari, ameelewa sababu ya makao makuu kuhamia Dar es Salaam bila kufungua kitabu.

Samaki humwagwa mchangani au juu ya turubai katika mafungu: changu na pono, kibua na kolekole, taa mwenye mkia mrefu, ngisi, na pweza waliolegea. Dalali husimama juu ya fungu, wanunuzi wakamzunguka duara, akaanza kuita bei kwa sauti ya haraka isiyopumzika, "Ishirini, ishirini, ishirini na mbili, nani zaidi?" Hakuna karatasi wala saini. Kichwa kikitikiswa ni bei, kimya ni kujitoa, na neno likishatamkwa mbele za watu halirudi nyuma. Akina mama wakaangaji husimama na ndoo zao, na kila mmoja humtazama mwenziwe kama anavyomtazama samaki, apate kujua nani ana haja kweli na nani anapandisha bei tu. "Mwanangu, hilo fungu juu changu, chini vibua, hebu ligeuze tulione," asema mama mmoja mtu mzima, na dalali, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, hujibu kwa adabu, "Shikamoo mama, ligeuze kwa mkono wako mwenyewe." Mama huinama akaligeuza, wenziwe wakaona kilichomo, na bei ikashuka mara moja bila ugomvi.

Hatua chache kutoka hapo majiko yamekwisha kuwashwa. Samaki husafishwa, hukatwa mistari ubavuni, hutiwa chumvi, kisha huzamishwa katika karai la mafuta yanayochemka, wakatoka wekundu na wakavu, tayari kuuzwa na muhogo, pilipili na limau kwa mvuvi aliyekesha baharini, mwanafunzi apitaye na mgeni aliyetoka mbali. Samaki wengine hupangwa kwenye barafu wakasafirishwa Dar es Salaam siku ile ile. Msururu huu wa riziki, kutoka kwa mvuvi hata kwa mchukuzi, dalali, mkaangaji na mchuuzi, haukuletwa na serikali yoyote katika zile zilizoutawala mji, wala haukuondoka na yoyote kati yao. Sultani aliukuta, Mjerumani akaukuta, Mwingereza akaukuta, na uhuru ukaukuta. Anayetaka kujua nguzo ya kwanza ya Bagamoyo ameiona kabla ya saa tatu ya asubuhi.

Kutoka ufukweni njia huingia Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko darini, baraza za kukalia nje na milango ya kuchongwa ambayo baadhi yake imeliwa na jua na chumvi ya bahari. Katika karne ya 19 hapa ndipo ilipoishia ile njia ndefu ya bara, iliyotoka Ujiji ikapita Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Pembe za ndovu ndizo zilizokuwa bidhaa kuu, nazo zilibebwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kadiri ya frasila mbili, ndizo kilo 30 na ziada. Wakati wa kurudi walichukua nguo, shanga na nyaya za shaba. Kwa kuwa misafara ilifuata majira ya mvua na kiangazi, wapagazi walikaa mjini kwa miezi wakingoja kuandikwa safari mpya, wakalima, wakachuuza, wakacheza ngoma za kwao, na mji ukajaa wageni hata wenyeji wakaonekana wachache. Ua walimofikia wasafiri hao ungali ukionyeshwa kwa wageni.

Njia hiyo hiyo ilipitiwa na msiba. Watu waliotekwa bara walishushwa hapa na kuvushwa kwenda Unguja, na ingawa Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa na kuharamisha kuwasafirisha baharini mwaka 1873, biashara hiyo iliendelea kwa siri miaka kadhaa baadaye. Haifai kulipita jambo hili haraka kwa kuwa linaumiza, wala haifai kuufanya mji mzima kuwa kaburi lake, maana katika watu wale wale walioletwa hapa kwa minyororo walitoka baadaye waliousimamisha mji, kama tutakavyoona.

Mtaani humo humo hukumbukwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapatia wapagazi na mahitaji wasafiri wakubwa waendao bara, akapata mali nyingi. Ila sifa yake imedumu kwa alichotoa kuliko alichochuma. Alitoa jengo la shule hapa Bagamoyo, akataka lipokee watoto bila ubaguzi wa rangi wala dini katika zama ambazo fikra hiyo ilikuwa ngeni, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali Dar es Salaam ambayo jina lake limebaki katika jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Vibanda vya biashara ya pembe vimebomoka, na wagonjwa wangali wakilitaja jina lake kila siku wanapoulizana wamelazwa wapi.

Karibu na hapo zimesimama alama za dola. Ngome Kongwe ilijengwa mwaka 1860 na Mwarabu tajiri, Abdallah Suleiman Marhabi, kabla ya kuingia mikononi mwa watawala mmoja baada ya mwingine. Boma la Wajerumani, lenye matao na roshani zielekeazo bahari, lilimalizika mwaka 1897, miaka sita baada ya makao makuu kuwa yamekwisha hama. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipojitwalia forodha na kupandisha bendera yake, pwani nzima iliwaka vita chini ya Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, na Bagamoyo ikawa uwanja wa mapigano, watu wakikimbilia misheni na mashambani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Washindi hawakukaa sana kufaidi ushindi wao hapa: waliondoka mwaka 1891 wakifuata kina cha maji Dar es Salaam, na reli iliyoanza huko mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ikayafanya mabega ya wapagazi kuwa hayana soko tena. Kwa hesabu za kitabu, hapo ndipo Bagamoyo ilipokwisha.

Lakini hesabu hiyo haikumtia mtu kama Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Alikuwa mtoto wa Manyema, nchi ya mashariki ya Kongo, akatekwa akaletwa Bagamoyo katika utumwa, akakulia nyumbani mwa Mwarabu wa ukoo wa Lamki. Akasoma, akajitahidi, akafanya biashara na kilimo, akapata elimu ya dini iliyomfanya kuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na nyumbani kwake wakakusanyika watu wa kila asili, wengi wao waliokuwa watumwa au wana wa watumwa, wakapata mahali ambapo mtu hakuulizwa babu yake alikuwa nani. Waingereza walipoingia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walimfanya liwali wa mji. Alifariki mwaka 1931, na hadi leo ziara ya kila mwaka huwaleta Bagamoyo wafuasi kutoka mikoa mingi, wakaujaza mji kwa zikri, kasida na vyakula vya kukirimu wageni. Zingatia jambo lililotukia hapa: mji uliompokea mtoto katika fedheha ya utumwa ulimzika katika taadhima ya uongozi, na elimu ndiyo iliyompandisha ngazi hiyo. Nguzo ya pili ya Bagamoyo ni hiyo.

Adhuhuri, jua likiwa kali, inafaa kukaa kivulini na kula wali wa nazi na samaki wa mchuzi katika hoteli ndogo za mjini, kisha kwenda Misheni ya Wakatoliki upande wa kaskazini, kwa njia iliyopandwa miembe mikubwa. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakafungua makazi ya watu waliokombolewa utumwani, wakawafunza kilimo, ufundi na kusoma. Kanisa la kwanza ni la mwaka 1872, na kanisa kubwa lilianza kujengwa mwaka 1910 likamalizika mwaka 1914. Katika bustani upo mbuyu uliomeza mnyororo: bibi mmoja wa misheni alikuwa akimfungia punda wake hapo, mnyororo ukaachwa, na mti ukaendelea kunenepa hata chuma chote kikazama, ukabaki mwisho wake tu nje ya gome.

Wageni wengi huja hapo kwa ajili ya Livingstone, mmisionari na msafiri wa bara, ambaye maiti yake ilifikishwa Bagamoyo mwezi Februari 1874 na kulazwa katika kanisa lile la kwanza kabla ya kupelekwa Unguja na Uingereza. Wanaostahili kukumbukwa zaidi ni walioileta. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Nao Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kando ya Mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, pamoja na wenzao, wakauzika moyo wake pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi mingi kupita nyika, maradhi na vitisho hata wakaufikisha baharini. Mwili ulipozikwa London mwezi Aprili 1874 pamoja na wafalme wa Uingereza, katika msafara wao alikuwapo mmoja tu, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walikuwa wameachwa pwani baada ya kazi kwisha. Ni haki basi msomaji wa Kiswahili afikapo kanisani hapo aanze kwa kuyataja majina yao.

Alasiri, joto likishuka, safari yaelekea kusini kilomita tano hivi, hadi Kaole. Hapa ndipo mizizi ya mji ilipo. Misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20 yamesimama chini ya miti, na msikiti ulio mkongwe huhesabiwa kuwa wa karne ya 13, ndiyo kusema ulikuwa ukiswaliwa kabla ya Mreno kuiona bahari hii. Mchimbaji wa mambo ya kale Neville Chittick alifanya uchunguzi hapa mwaka 1958, na baadhi ya vitu vilivyopatikana vimewekwa katika nyumba ndogo ya makumbusho pale mlangoni. Msafiri asimame mbele ya kaburi la nguzo lililo refu, atazame kwa karibu: kazi yote ni ya matumbawe na chokaa, chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya magogo, na juu kabisa ya nguzo yanaonekana matundu ya mviringo, yaliyokuwa yametiwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Mwenye nyumba wa Kaole alijua kula katika bakuli la kawaida, na lile lililovuka bahari mbili akaliweka juu ya kaburi la mzazi wake, ili apitaye ajue aliyelala hapo alikuwa mtu wa hadhi gani.

Nyuma ya magofu, mahali bahari ilipokuwa ikifika, sasa ni msitu wa mikoko. Mto na mawimbi vilileta mchanga na matope, mikoko ikaota juu yake, mizizi yake ikashika matope mengine zaidi, na mwaka baada ya mwaka maji yakasukumwa mbali hata vyombo visiweze kuingia. Watu wa Kaole hawakungoja kufa pamoja na bandari yao. Walisogea kaskazini kidogo, wakajenga upya, na mji wao mpya ukaitwa Bagamoyo. Hata hivyo Kaole haikusahaulika haraka: mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walianzia hapo safari yao ya kwenda maziwa makuu. Wenyeji wangali wakija kuzuru kaburi la Sharifa, binti anayetajwa kwa ucha Mungu, kumwomba Mungu haja zao. Na mbuyu mzee wa hapo una hekaya zake, ambazo mwongoza wageni huzisimulia kwa uzuri kuliko mwandishi.

Jioni ni ya sanaa. Mwaka 1981 serikali iliweka Bagamoyo Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa ufupi TaSUBa, na tamasha lake la kila mwaka lilianza mwaka 1982. Ukumbi wake wa maonyesho uliteketea kwa moto mwaka 2002, ukajengwa upya, na masomo hayakukoma. Vijana kutoka kila pembe ya nchi hufunzwa humo ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchoraji na uchongaji, na wengi wakimaliza hawaondoki; huoa, huolewa, hujenga, hufungua vikundi vyao, na ndiyo sababu apitaye mitaani jioni husikia mazoezi ya ngoma nyuma ya ua wa makuti asikotarajia. Hapa ndipo alipoishi na kufariki mwaka 2003 Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, ambaye kwa zeze, marimba ya mkono na koo lake la ajabu aliupeleka muziki wa Ugogo katika majukwaa ya dunia, na jamaa zake wameuendeleza. Mnyamwezi mpagazi alicheza ngoma yake Bagamoyo akingoja safari. Mgogo alipiga zeze lake Bagamoyo akaifanya nyumbani. Mji huu umekuwa na tabia ya kuwapokea watu wa bara pamoja na nyimbo zao, na tabia hiyo ni nguzo yake ya tatu.

Mwenye kuweza na alale mjini, arudi asubuhi, na njiani aingie Mbegani. Pana chuo cha uvuvi hapo, kilichojengwa na kukuzwa kwa msaada wa watu wa Norwei, ambacho sasa ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na vijana hujifunza uvuvi, ufundi wa boti na mashine zake na utayarishaji wa samaki. Upande wa kusini ni Mlingotini, ambako akina mama hulima mwani katika maji mafupi: hupigilia vigingi mchangani, hukaza kamba baina yavyo, hufunga vichipukizi kimoja kimoja, na baada ya wiki sita hivi huvuna, hukausha na kuuza. Katika ghuba hii hii ndipo ilipokusudiwa ile bandari kubwa ya mkataba wa mwaka 2013 na kampuni ya Uchina, ambao baadaye mfuko wa serikali ya Oman ulijiunga nao. Mazungumzo yake yameingia na kutoka tangu ilipokwama mwaka 2019, na huenda siku moja gati likajengwa kweli.

Likijengwa, tulipokee kwa akili ya watu waliokwisha kuziona bandari zikija na kwenda. Meli kubwa zitaleta kazi na ushuru, na hakuna mpenda nchi atakayeyachukia hayo. Ila mvuvi wa Mbegani na mkulima wa mwani wa Mlingotini wasije wakahesabiwa kuwa vitu vya kuondolewa njiani, kwa sababu wao ndio waliobaki kila mara bandari ilipoondoka. Tangu mwaka 2006 njia ya pembe na watumwa, ambayo Bagamoyo ni kituo chake kikuu, imo katika orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa urithi wa dunia. Ni heshima njema, walakini orodha haiezeki nyumba wala hailipi ada ya mtoto wa shule. Tunaoweza kufanya hivyo ni sisi majirani, kwa kwenda. Walimu wawapeleke wanafunzi waguse mawe ya Kaole kwa mikono yao. Wazazi wawape watoto siku moja ya likizo kwa ajili ya mji huu. Na kila aendaye avae kwa heshima, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, amlipe mwongoza wageni haki yake bila kumpunja, anunue samaki kwa mama mkaangaji, na akae mpaka ngoma iishe. Mji uliosimamishwa na riziki ya halali, elimu na ukarimu una haki ya kutembelewa na watu wake kabla ya wageni, na kutetewa nao pia siku utakapohitaji watetezi.